Ngome Iliyogeuzwa Kisiwa cha Mapumziko: Jinsi ya Kupanga Likizo ya Jamaa Sentosa

Likizo ya askari haifanani na likizo ya mtu mwingine. Mwalimu hujua tangu mwanzo wa mwaka siku atakazopumzika, na karani naye huzihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Askari huijua siku yake pale karatasi inapotiwa sahihi, na pengine hata baada ya hapo huitwa arudi kazini. Tangu mwaka 2007 askari wetu wengi wamekwenda Somalia na kukaa huko miezi mingi mfululizo. Arudipo nyumbani, baba humkuta mtoto aliyemwacha akitambaa sasa anakimbia, na yule mkubwa amekwisha kuzoea kumwendea mama yake peke yake kwa kila shida. Askari polisi naye, ijapokuwa hulala karibu na nyumbani, sikukuu zote za watoto humkuta zamuni. Kwa hiyo swali la namna ya kutumia siku chache za likizo, pamoja na akiba iliyokusanywa kwa jasho, lataka kufikiriwa na mume na mke pamoja, tena mapema.

Leo tunaeleza safari ya namna moja ambayo watu wengi huitamani, nayo ni ile inayounganisha bustani kubwa za michezo na mapumziko ya kisiwani katika likizo moja. Wamarekani huifanya kwa kwenda Orlando katika jimbo la Florida, ambako Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971, kisha hupanda meli kwenda visiwa vya Bahama. Safari hiyo ni ndefu na ina gharama mbili. Lakini iko nchi moja katika Asia ambako bustani ya michezo na pwani ya kisiwa viko mahali pamoja, hata mtoto akitoka kwenye bembea huweza kufika mchangani kabla ya kumaliza barafu yake ya kulamba. Nchi hiyo ni Singapore, na kisiwa chenyewe ni Sentosa.

Msomaji atauliza kwa nini tumechagua kisiwa hicho kwa ajili ya jamaa za askari. Sababu ni kwamba kilikuwa kambi ya jeshi kabla ya kuwa mahali pa furaha, na alama za kambi bado zinaonekana hadi leo.

Wamalay walikiita kisiwa hicho Pulau Blakang Mati, jina ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa kisiwa chenye mauti nyuma yake. Wengine husema lilitokana na maharamia, wengine na maradhi, na mambo hayo hayajapata kukatwa shauri. Waingereza walikiona kuwa ni mlinzi wa bandari yao, wakajenga ngome kadhaa juu ya vilima vyake. Mojawapo ni Fort Siloso, iliyojengwa katika miaka ya 1870 kwenye ncha ya magharibi, mizinga yake ikielekea baharini kungojea meli za adui.

Adui alipokuja hakuja kwa njia hiyo. Wajapani walishuka kwa nchi kavu katika Rasi ya Malaya, wengi wao wakiendesha baiskeli, wakaingia Singapore kutoka kaskazini mwezi wa Februari 1942. Baadhi ya mizinga ya pwani iliweza kugeuzwa kuelekea bara, ikapiga, lakini sehemu kubwa ya makombora yake yalikuwa yametengenezwa kutoboa chuma cha meli, wala si kuzuia askari wa miguu waliotawanyika. Tarehe 15 Februari 1942 Jenerali Percival wa Uingereza alijisalimisha kwa Jenerali Yamashita wa Japani, na baadaye Blakang Mati ikawa mahali pa kufungia mateka wa vita. Afisa yeyote anayefundisha vijana wake habari za ulinzi angefaidika kusimama saa moja karibu na mizinga ile na kuitazama bahari iliyokuwa ikichungwa bure.

Waingereza walikabidhi kisiwa hicho mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Singapore kuwa taifa huru mwaka 1965. Yalikuwako mapendekezo ya kukifanya mahali pa mitambo ya mafuta, lakini serikali iliamua kukihifadhi kwa mapumziko ya wananchi na wageni. Kikapewa jina la Sentosa, neno la Kimalay lenye maana ya amani na utulivu, na mwaka 1972 likaundwa shirika la umma la kukisimamia. Mwaka 1974 ukawekwa waya wa kupitishia vyumba vya kuning'inia juu ya bahari, kutoka kilima cha Mount Faber hadi kisiwani.

Waya huo una kisa ambacho askari hawezi kupita bila kukisikia. Tarehe 29 Januari 1983 mnara wa meli ya kuchimba mafuta uliunasa. Vyumba viwili vikaanguka baharini na watu 7 wakafa, na wengine 13 wakabaki wakining'inia juu ya maji mpaka usiku, huku upepo ukivuma. Marubani wa helikopta wa jeshi la anga la Singapore waliwateremshia waokoaji kwa kamba, wakawachukua mmoja mmoja gizani hata wote 13 wakapona. Aliyeongoza uokoaji ule alikuwa Kanali Lee Hsien Loong, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu kutoka mwaka 2004 hadi 2024. Vyumba hivyo bado vinafanya kazi, na mama mwenye kuogopa urefu asilazimishwe kuvipanda, maana njia nyingine ziko.

Sasa tuje kwenye mipango yenyewe, na hapa tunayo rai moja ambayo tunaisema wazi tangu mwanzo. Bustani ya michezo ipewe siku moja tu, na siku nyingine zote kipewe kisiwa. Wazazi wengi hufanya kinyume cha hivyo. Hununua tiketi za siku nne mfululizo, wakaamka alfajiri kama wanaokwenda gwaride, na siku ya tatu watoto wanalia, mama ana maumivu ya mgongo, na baba anatoa amri kana kwamba yuko kazini. Baba aliyekuwa mbali kwa muda mrefu hawezi kuzoeana na watoto wake ndani ya foleni. Huzoeana nao wakiwa wamekaa mahali penye nafasi, bila mtu kutazama saa.

Jambo la kwanza la kuamua ni wakati. Singapore iko kiasi cha nyuzi moja na theluthi kaskazini ya Ikweta, na Kampala iko theluthi moja ya nyuzi, kwa hiyo jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima kama kwetu. Lakini mtu asidanganyike. Kampala iko juu ya mlima, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Singapore iko chini kabisa pwani. Joto lake ni la unyevunyevu, mfano wa Mombasa mwezi wa Machi, na shati huloa kabla ya saa nne asubuhi. Mvua za ngurumo hunyesha huko zaidi ya siku 150 kwa mwaka, nyingi zikija mchana au alasiri, na miezi ya mvua nyingi zaidi ni kutoka Novemba hadi Januari.

Shule za Singapore hufungwa mwezi wa Juni, na tena kutoka katikati ya Novemba hadi mwisho wa Desemba. Miezi hiyo foleni huwa ndefu na vyumba huwa ghali. Kwa watoto wetu likizo ya Desemba ndiyo ndefu, nasi tunajua ndiyo inayotamaniwa, lakini kwa safari hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwani inakusanya mvua, msongamano na bei kubwa pamoja. Likizo ya muhula wa kwanza, mwezi wa Mei, inafaa zaidi, kwa sababu watoto wa Singapore huwa bado wamo darasani sehemu kubwa ya mwezi huo. Joto la Mei ni kali, nalo huvumilika kwa kofia, maji ya kunywa na kulala mchana. Maji ya mfereji huko ni salama, kwa hiyo kila mtoto na achukue chupa yake kutoka nyumbani.

Safari ya ndege kutoka Entebbe huwa na kituo cha kubadilisha, kama vile Addis Ababa, Dubai au Doha, na saa za Singapore ziko mbele ya zetu kwa saa 5. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza watoto watataka kulala mchana na kucheza usiku wa manane. Siku hiyo isipangiwe kitu. Pia siku mbili za likizo humezwa na safari yenyewe, na mwenye ruhusa ya siku 10 ajihesabie 8.

Kuhusu malazi, hoteli za kisiwani ni nzuri na bei zake ni kubwa. Baadhi yake zimo katika majumba ya kijeshi ya zamani. Jengo moja la mwaka 1904, lililokuwa bweni la askari wa mizinga wa Kiingereza, lilifunguliwa mwaka 2019 kuwa hoteli iitwayo The Barracks. Nyingine, Capella, ambayo nayo inatumia majumba ya maafisa wa zamani, ndipo Rais Donald Trump wa Marekani na Kim Jong Un wa Korea Kaskazini walipokutana tarehe 12 Juni 2018. Tunataja hayo kwa kuburudisha msomaji, maana si rahisi kwa sajini kulala alipokula chakula cha mchana rais. Jamaa ya kawaida hupata nafuu ikilala mjini, kwa mfano mtaa wa Little India, ambako gari-moshi la chini ya ardhi huenda moja kwa moja mpaka kituo cha HarbourFront kinachotazamana na kisiwa. Akiba ikiruhusu, usiku mmoja au miwili ya mwisho ilaliwe kisiwani, ili watoto waione bahari asubuhi kabla watu hawajafika.

Kutoka HarbourFront kuna treni ya reli moja inayovuka kwenda Sentosa kwa nauli ya dola 4 za Singapore, na mtu akiisha kuingia husafiri ndani ya kisiwa na kutoka bila kulipa tena. Dola moja ya Singapore hukaribia robo tatu ya dola ya Marekani. Wanaotaka kuokoa fedha huvuka kwa miguu juu ya daraja la mbao lenye kivuli, wala hawalipi kitu.

Bustani yenye sifa kuu ni Universal Studios Singapore, iliyofunguliwa mwezi wa Machi 2010. Imegawanywa katika sehemu zinazofuata filamu mbalimbali. Mna magari ya reli yanayopaa na kupinduka, mashua zinazopita katika msitu wa wanyama wa kale wa bandia, na tangu Februari 2025 sehemu ya vibonzo vya Minions ambayo watoto wadogo huipenda mno. Tiketi ya mtu mzima ya siku moja huzidi dola 80 za Singapore, ya mtoto ni pungufu kidogo, na mtoto wa chini ya miaka 4 huingia bure. Baba, mama na watoto watatu hawatatoka mlangoni bila kuacha zaidi ya dola 300, kabla hawajanunua hata soda. Kuna na tiketi nyingine ya kuruka foleni, ambayo huuzwa mbali. Mwenye kwenda siku ya kazi ya mwezi wa Mei, akafika kabla mlango haujafunguliwa, kwa kawaida haihitaji.

Na hapa pana jambo dogo linaloharibu siku za watoto wengi. Kila mchezo una kipimo cha kimo. Ile reli kubwa iitwayo Battlestar Galactica haimpokei mtu asiyefika sentimita 125. Mchezo wa Mummy, unaokwenda gizani, unataka 122. Ule wa Transformers unataka 102, na mtoto mfupi zaidi ya kiasi fulani lazima aandamane na mtu mzima. Mlinzi wa mlangoni ana kijiti cha kupimia, na machozi hayamlegezi. Basi wapimeni watoto nyumbani kabla ya safari, kwa futi ya fundi cherehani na alama ya penseli mlangoni, wakiwa hawakuvaa viatu. Mtoto wa sentimita 118 aambiwe angali Kampala kwamba mchezo huu si wake mwaka huu, achaguliwe mwingine. Atakasirika siku mbili, akasahau. Akiambiwa kule, mbele ya kaka yake anayepanda, hatasahau.

Ingieni mapema, na michezo ya nje ipandwe kwanza asubuhi, kwa sababu radi ikitokea michezo hiyo husimamishwa kwa usalama mpaka mbingu itulie. Alasiri ndipo mwende kwenye maonyesho ya ndani. Baba na mama wapeane zamu, mmoja apande na wakubwa huku mwingine akibaki na mdogo. Si haki mama kukaa siku nzima akishika viatu na mikoba.

Hapo karibu kuna bustani ya michezo ya maji, Adventure Cove, iliyofunguliwa mwaka 2012, na jumba la samaki, Singapore Oceanarium, lililofunguliwa mwaka 2025. Kila moja ina tiketi yake. Tungeshauri kuchagua moja tu, na kwa watoto wa chini ya miaka 8 michezo ya maji huwapa furaha kubwa kuliko reli zote. Au pasichaguliwe yoyote, kwa maana siku zinazofuata ni za kisiwa.

Siku hizo ndizo zilizo rahisi kwa mfuko. Kuna pwani tatu, Siloso, Palawan na Tanjong, ambazo hazina kiingilio. Mwenye kujua Zanzibar au Diani asitazamie maji ya namna ile. Pwani za Sentosa zilitengenezwa kwa mikono ya watu, na mbele yake zimetia nanga meli za mizigo zisizohesabika. Watoto wa nchi isiyo na bahari huweza kukaa saa nzima wakizihesabu na kubishana ipi ni kubwa. Palawan ina daraja la kamba linaloyumba, laenda kwenye kisiwa kidogo chenye minara ya kutazamia. Maji ya karibu na ufuo ni matulivu, lakini mtoto aliyejifunzia kuogelea ziwani, au asiyejua kabisa, asiachwe peke yake hata kidogo.

Siku nyingine iwe ya Fort Siloso. Kuingia ngomeni na kutembea kati ya mizinga ni bure. Njia ya juu inayofika huko, iliyofunguliwa mwaka 2015, ina urefu wa mita 181 na imepita juu ya vilele vya miti. Baba na awaeleze watoto yeye mwenyewe jinsi mzinga unavyoelekezwa, bunduki inavyotofautiana nao, na kwa nini mlinzi hatazami upande mmoja tu. Huenda watoto hawajapata kumsikia akieleza kazi yake, na hapo ndipo watakapomwuliza maswali ambayo nyumbani hawakuyauliza.

Chakula kisiwatie hofu. Ndani ya bustani bei ni kubwa, lakini mjini kuna masoko ya vyakula vilivyopikwa, ambayo desturi yake iliingizwa mwaka 2020 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ubinadamu. Mojawapo, Seah Im, iko ng'ambo ya barabara kutoka HarbourFront. Wali wao wa tui, nasi lemak, hautamshangaza mtu aliyekula wali wa nazi wa pwani. Satay ni ndugu wa mishkaki, na roti prata mtoto yeyote wa Kampala ataiita chapati. Waislamu watatafuta kibanda chenye cheti cha halali, navyo ni vingi.

Hatimaye kuna karatasi na mizigo. Askari aombe kwanza kibali cha kusafiri nje, ndipo anunue tiketi, kwa sababu tiketi ya bei nafuu aghalabu hairudishiwi fedha. Kila msafiri anayetoka Uganda hupaswa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika, la sivyo aweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na likizo ikaishia hapo. Fomu ya kuingia Singapore hujazwa kwa mtandao katika siku tatu za kabla ya kufika, nayo ni bure. Anayedai malipo kwa ajili yake si serikali.

Pipi za kutafuna zimekatazwa kuingizwa tangu mwaka 1992, na sigara za umeme ni kosa. Lakini linalowahusu hasa wasomaji wetu ni hili. Sheria za silaha za Singapore ni kali mno. Risasi moja iliyosahauliwa katika mfuko wa pembeni, au hata ganda tupu lililowekwa kama kumbukumbu, humfikisha mtu kituo cha polisi. Pingu nazo zahitaji kibali, na bunduki za bandia za watoto vilevile, na kiberiti cha gesi chenye umbo la bastola hakiruhusiwi kabisa. Mkoba uliokwenda nao Mogadishu au doria usiende nao likizoni, hata ukiwa umekung'utwa. Nunueni mwingine katika soko la Owino, nao upakiwe na mama.